Kimya Nilichokuwa Nakikata

Mimi siwezi kukaa. Nikikaa, mguu mmoja unacheza. Nikiuzuia huo, wa pili unaanza. Mama alinipa jina la Kiherehere kabla sijaota meno, na mpaka leo, mwanamke mzima mwenye ofisi na ufunguo wake, jirani akija nyumbani huuliza kama Kiherehere yupo. Mdogo wangu yeye aliitwa Tuli, kwa sababu ukimweka mahali utamkuta hapohapo. Mama husema tumbo lake lilikosea kugawa, haraka zote zikaja kwangu na subira zote zikaenda kwa yule.

Kazi yangu ni kutengeneza masomo ya video ya kufundisha watu kutumia programu za kompyuta. Ninawatengenezea watu ambao shuleni walikalishwa dawati la nyuma wakaitwa wazembe. Wapo ambao herufi huwachezea machoni. Wapo ambao ukiwapa maagizo matatu kwa mpigo, linabaki la mwisho tu. Wapo ambao ukiwaharakisha, kichwa kinajifunga kama duka la mtu mwenye hasira. Akili wanazo, tena wengine wananizidi, ila mlango wa kuingilia uko upande mwingine. Kituo kinachowafundisha kilinipa chumba kilichokuwa stoo ya madawati. Nimetundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, maiki nimeivisha soksi ili pumzi isivume, na mlangoni nimebandika karatasi ya kuwaomba watu wapite polepole. Mwalimu, ambaye ndiye mkuu wa kituo, huisoma karatasi hiyo kila siku, halafu anapita na viatu vyake vinavyolia kama bawaba kavu.

Narekodi skrini na sauti kwa pamoja, nabofya huku naeleza. Kisha nahariri, na hapo ndipo penye raha yangu. Nafyeka kila kikohozi, kila "aa", kila mahali nilipokunywa maji, kila nilipopotea nikaanza kutafuta kitufe. Zaidi ya yote nafyeka kimya, maana kimya kinaniwasha. Somo likitoka mikononi mwangu ni fupi na safi, neno limeshikana na neno, huwezi kupenyeza sindano katikati. Rekodi zenyewe, zile chafu za mwanzo, nilikuwa nazitupia kwenye folda niliyoiita Takataka. Nilikuwa sizifuti kwa uvivu tu.

Tuli alikuwa mtazamaji wangu wa kwanza, kwa sababu na yeye ni mmoja wa watu hao ninaowafanyia kazi. Kila nikimaliza somo nilimkalisha kwenye kiti changu, nikasimama nyuma yake nikimpumulia shingoni. Alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Nzuri, dada." Halafu anachukua flashi na kulipeleka somo kwenye kompyuta za darasani, ng'ambo ya ua. Siku moja tu alisema, "Inakimbia kidogo." Nikamwonyesha kitufe cha kusimamisha video. Akakitazama, akatikisa kichwa, akaondoka na flashi yake.

Asubuhi ninayoisimulia, Tuli alikuwa na jaribio la kazi. Kampuni ya kufua nguo za mahoteli na hospitali ilikubali kumjaribu mtu mmoja kutoka kituoni, akae mapokezi. Gari linakuja na mafurushi ya mashuka, foronya na taulo. Unalipima furushi, unalipokea kwenye programu, mashine inatoa lebo, unaibandika, furushi linakwenda ndani kwenye mvuke. Kazi yenyewe ni hiyo, tangu asubuhi mpaka jioni. Msimamizi alisema wazi, bila kuzunguka: akifanya siku nzima peke yake bila kuharibu, kazi ni yake. Akishindwa, hachukui tena mtu wa kituo kile, maana hana muda wa kujaribu watu.

Tuli alishawahi kujaribiwa kwingine. Alijaribiwa kwenye duka la vitabu, akajaribiwa kwenye ghala la dawa, na mara zote mbili alirudi nyumbani akaingia kitandani na nguo zake za kazini, akageuza uso ukutani. Mara ya pili tulikaa naye hivyo mpaka Mama akaanza kumlisha kwa kijiko kama mtoto. Juzi yake Mama alikuwa ameniita jikoni, akafunga mlango, akasema, "Safari hii akirudi vile, mwanangu, hatajaribu tena. Namjua."

Kwa hiyo mtu asinishangae kwamba nilifika ofisini kabla hata mfagiaji hajamaliza korido. Nikafungua ile programu ya mapokezi, nakala yetu ya mazoezi, kwa sababu tu mikono yangu ilitaka kushika kitu. Skrini ikafunguka na mimi sikuitambua. Pembeni paliandikwa "Toleo jipya! Karibu!", kwa furaha zote, kama mgeni aliyeingia jikoni kwako ukiwa umelala akahamisha masufuria.

Kitufe cha kupokea furushi kilikuwa cha kijani, kikubwa, chini kulia. Nilikuwa nimekitaja kwenye kila somo: bofya kile cha kijani, chini kulia. Tuli alikuwa amefanya mazoezi nacho mpaka mkono wake ukawa unakwenda wenyewe. Sasa hakikuwepo. Kilikuwa kimehamia juu kushoto, kimekuwa cha kijivu, kimevishwa picha ya kikapu ambayo hata mimi niliidhania ndoo.

Nikampigia simu, ikaita mpaka ikachoka. Nikakumbuka kwamba simu zao huachwa kwa mlinzi getini. Kaunta waliruhusu tableti tu, iliyowekwa masomo yangu. Basi nikarekodi somo jipya hapohapo nimesimama, juu kushoto, kikapu, bofya, nikalifyeka, nikalituma kwenye tableti. Nikaikodolea macho ile alama ya kuonyesha kwamba limefunguliwa. Haikuja. Nikalituma tena, kana kwamba la kwanza lilikuwa halijasikia.

Nikatoka kumtafuta Mwalimu, yeye ana namba ya msimamizi. Nilivuka ua karibu nijikwae kwenye ndoo ya mfagiaji, nikaingia darasani bila hodi. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta ya mama mmoja, fundi cherehani, anayejifunza kuandika maombi ya vitambaa kwa wauzaji. Kabla sijafungua mdomo nikasikia mtu anakohoa, na kikohozi kilikuwa changu.

Kilitoka kwenye spika. Kikafuatiwa na sauti ya mimi nikimeza maji, gluu gluu, kama ng'ombe. Kisha sauti yangu ikasema, "Uko wapi wewe? Jana si ulikuwa hapa?" Kisha kimya. Kimya kirefu, cha aibu, na mshale wangu ukitangatanga kwenye skrini kama kuku aliyepotea banda. Nilitaka kuruka niizime. Lakini fundi cherehani hakuwa anatazama mshale wangu. Ndani ya kile kimya alikuwa anatafuta kitufe kwenye dirisha lake mwenyewe, kidole hewani, midomo ikitembea. Akakiona, akakibofya. Ndipo sauti yangu ikarudi, "Ahaa, kumbe uko huku," na yeye akaitikia palepale, "Kumbe uko huku," akacheka peke yake.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikamuuliza Mwalimu. "Hiyo ni takataka."

"Hiyo ndiyo tunayotumia," akasema. "Mdogo wako ndiye anayetuletea. Mwanzoni alileta zile safi, watu wakawa wanalia nazo. Halafu akaanza kuleta hizi. Alisema zile zinakimbia, hizi zinasubiri."

"Tangu lini?"

"Muda sasa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Na usijali, nimeshazoea. Hata yale unayosema kuhusu viatu vyangu nimeyasikia. Darasa zima limeyasikia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na chini ya ile aibu palikuwa na hasira. Niseme ukweli, ilikuwa hasira ya mtu aliyefua nguo, akazipiga pasi, akazikunja, halafu akakuta watu wamevaa zile za kwenye kapu la uchafu na wanazisifia. Jioni zote nilizokaa nikifyeka! Na yule mpole, yule wa "nzuri, dada", anakwenda nyuma yangu na flashi. Ningekuwa na nafasi ningekaa nikakasirika vizuri. Sikuwa na nafasi.

"Programu ya mapokezi imebadilika," nikamwambia. "Kitufe kimehama. Tuli hajui."

Mwalimu alitoa simu yake haraka, akapiga kwa msimamizi, hapakuwa na jibu. Nilishakuwa mlangoni.

Kampuni ile iko mitaa michache kutoka kituoni. Nusu nilitembea, nusu nilikimbia, kiatu kimoja kikinivuka kila nikiongeza mwendo. Watu walikuwa wanafungua maduka, mabati yakipanda juu kwa kelele, wengine wanamwaga maji mbele ya milango yao ili vumbi lilale, na mimi nikapita katikati ya maji yao nikiomba samahani bila kugeuka. Njia nzima nilikuwa naiona picha moja: Tuli amesimama mbele ya skrini, mkono umekwenda chini kulia, hakuna kitu pale, na kichwa kinajifunga. Namjua kichwa chake kikijifunga. Halii wala hasemi. Anasimama tu, na watu wanaanza kumwambia mambo, kila mmoja lake, na kila neno linaongeza kufuli.

Getini mlinzi alinitazama jasho langu, akanitazama miguu yangu. "Unakwenda wapi hivyo?"

"Mapokezi. Mdogo wangu yuko kwenye jaribio."

"Yule dada mpya? Wageni hawaingii mapokezi. Unaweza kusimama hapo uani, karibu na dirisha, lakini usiguse mlango."

Mapokezi yao yana dirisha la kioo linalotazama uani, na pembeni yake tundu kubwa la ukutani ambalo madereva hupitishia mafurushi. Gari lilikuwa limeegeshwa, mkia umefunguliwa. Dereva alikuwa ameegemea tundu, furushi la mashuka liko kwenye mizani, jingine liko mguuni kwake, mengine yanasubiri garini. Nyuma ya Tuli, ukutani, alisimama msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye nywele, amekunja mikono. Wafanyakazi wote waliopita walivaa aproni za buluu. Tuli alikuwa na blauzi yake ya nyumbani, ile Mama aliyoipiga pasi mara mbili.

Alikuwa amesimama, mikono ameiweka kifuani, haigusi chochote. Anaitazama skrini. Tableti ilikuwa pembeni, imezimwa.

Nikabisha kioo. Tuli akainua macho, akaniona. Nikaanza kumwonyesha kwa mikono: juu, kushoto, juu, kushoto, nikachora na kikapu hewani, Mungu anisamehe, nikachora mpaka na mpini wake. Akanitazama. Kisha akaangalia skrini, akaupeleka mkono juu, upande wa kulia. Akabofya. Kikafunguka kitu kisicho chenyewe, dirisha la bei. Akalifunga. Akabofya tena kulia. Nikatikisa kichwa kwa nguvu, nikazidi kuonyesha, na ndipo nikaelewa ninachokifanya. Tulikuwa tumetazamana. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Mtu ambaye kushoto na kulia vimemsumbua tangu utotoni, na mimi, mtaalamu wake, nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo nikimpoteza kwa mikono yote miwili.

Nikabadilisha mkono. Sasa nilikuwa naonyesha kinyume cha nilichoonyesha mwanzo, na bila shaka nilionekana kama mtu anayefukuza nyuki. Dereva aliniona akaanza kucheka. Msimamizi aliniona, hakucheka. Alipiga hatua moja kuja kwenye kioo.

Lakini Tuli alimtangulia. Alinyoosha mkono, akashika kamba ya pazia, akalishusha. Polepole, mpaka chini, bila hasira yoyote, kama mtu anayezuia jua. Nikabaki nimetazamana na pazia la kitambaa cha kijivu, mikono yangu ikiwa bado hewani.

Sijui kama umewahi kufungiwa pazia na mtu uliyemfundisha kufunga viatu. Iliniuma mahali ambapo sikujua pana kitu cha kuuma. Nikasogea kwenye tundu la mafurushi, nikabana mgongo ukutani ili nisionekane. Nikasikiliza, maana ndicho kilichobaki.

Kulikuwa na kimya. Ndani kabisa mashine zilikuwa zinanguruma, lakini pale mapokezi hapakuwa na sauti. Dereva alikohoa. Nikajua anataka kusema kitu. Kila mtu hutaka kusema kitu penye kimya kama kile, mimi wa kwanza. Nikajiziba mdomo kwa kiganja.

Kisha nikasikia chupa ya maji inafunguliwa. Gluu, gluu. Kifuniko kikafungwa. Kiti kikasogezwa kidogo, kikalia. Ndipo sauti ya mdogo wangu ikatoka, ya taratibu, wala haitetemeki.

"Uko wapi wewe? Jana si ulikuwa hapa?"

Dereva aliangua kicheko. "Unaongea nayo?"

"Subiri kidogo," Tuli akamwambia. "Kimehama. Hata mtaalamu vitufe humhamia. Anakunywa maji, halafu anatafuta."

Yale maneno yalinikuta na kiganja mdomoni. Nilikuwa nadhani ninamfundisha kubofya. Kumbe alichokuwa amekichukua kwangu, kutoka kwenye folda ile niliyoionea aibu, ni kwamba dada yake naye hupotea, hukohoa, hulaumu kompyuta, na dunia haimalizikii hapo. Kwenye masomo yangu safi hakuna mtu anayepotea. Mtu akipotea anajikuta yuko peke yake.

Kimya kikarudi. Kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Nilisikia kipanya kikibofywa hapa, kitu kikifungwa, kipanya kikibofywa pale. Mguu wangu ulikuwa unacheza mpaka kokoto zinalia, nikaukanyaga kwa ule mwingine. Kisha mashine ya lebo ikasema kriii.

"Kumbe uko huku," Tuli akasema.

Alibandika lebo, akaipigapiga kwa kiganja, nikaisikia. "Lete la pili," akamwambia dereva.

Msimamizi alitoka kwa mlango wa pembeni, akanikuta bado nimebana ukutani kama mwizi wa kuku. "Wewe ndiye dada yake?"

"Ndiyo. Samahani. Programu imebadilika leo, hakuambiwa, si haki kumhesabia..."

"Nimeona imebadilika. Na sisi hatukuambiwa. Aliyeko zamu ya ndani amenipigia kelele asubuhi yote hii, na ana miaka kwenye kiti kile." Alichomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha. "Sikiliza. Mpaka jioni sitaki kukuona. Sijasema ameshinda wala ameshindwa. Lakini ukikaa hapa, kila nikimtazama nitakuwa najiuliza nani anafanya kazi."

Nikaondoka. Sikumbuki nilivyorudi ofisini. Nakumbuka tu kwamba niliifungua folda ya Takataka nikasikiliza rekodi zangu kwa hedifoni, moja baada ya nyingine. Sijawahi kujisikia mjinga kiasi kile, wala sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa na upole kiasi kile. Kuna mahali nasema, "Ngoja, hata mimi nimechanganyikiwa," na sikumbuki kabisa kusema hivyo. Kuna mahali viatu vya Mwalimu vinapita koridoni na mimi nasema, "Haya, treni hiyo," na ninanyamaza mpaka ipite. Nilijaribu kufanya kazi nyingine, nikashindwa. Kila saa nilitoka nje kutazama barabara kana kwamba angerudi mapema, halafu nikakumbuka kwamba akirudi mapema ni mabaya, nikaingia ndani.

Jioni nilimkuta Mama sebuleni, ameketi kwenye ukingo wa kiti, kanga ameifunga kama anasafiri. "Umesikia chochote?"

"Hapana."

"Ulikwenda kule?"

"Nilikwenda."

"Nilijua tu."

Tukasubiri. Mama alisubiri kwa kukaa, mimi kwa kutembea kati ya dirisha na mlango, mpaka akaniambia nitamtobolea zulia. Geti likalia. Tuli akaingia, akasema hamjambo, akaweka mkoba mezani. Uso wake ulikuwa umechoka na hauonyeshi kitu. Huo ndio uso wake wa siku zote; na pia ndio uso aliorudi nao mara ya pili.

"Eeh?" nikasema. "Vipi? Wamese..."

Mama alinifinya paja. Ana vidole vya chuma mama yangu. Nikameza maneno.

Tuli aliketi. Akainama kuvua kiatu cha kushoto, akakiweka sawa. Akavua cha kulia, akakiweka pembeni ya mwenzake, akaviangalia. Akaomba maji, nikayaleta mbio nikayamwaga nusu. Akanywa. Sebule nzima ilikuwa kimya na mimi nilikuwa ndani yake kama mtu aliyefungiwa na siafu. Kila mshipa wangu ulitaka kumuuliza, kumsaidia, kumwambia si kitu, kumwambia tutatafuta kwingine. Nilikaa juu ya mikono yangu. Kweli kabisa, niliikalia.

Akauvuta mkoba, akafungua zipu, akatoa kitu cha buluu kilichokunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama wanavyokunja kule. Akamwekea Mama mapajani. Mama alikikunjua. Ilikuwa aproni.

Mama hakupiga vigelegele. Aliishika tu ile aproni kwa mikono miwili, akaisogeza usoni kana kwamba ananusa sabuni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mimi nililia waziwazi, sina haya.

"Msimamizi amesema niko taratibu kuliko wote," Tuli akasema. "Lakini hakuna furushi lililorudishwa. Ya mtu wa ndani yamerudi mengi."

"Tuli," nikasema, "pale dirishani..."

"Dada, kesho usije."

"Siji."

"Wala kesho kutwa."

"Siji, nimekwambia."

Akanitazama kwa muda, akiupima ukweli wangu kama alivyopima mashuka. Kisha akatabasamu kidogo. "Lile ulilonitumia kwenye tableti nimeliona mchana, wakati wa kula. Wenzangu darasani wanaofanya mazoezi ya mapokezi watalihitaji, kwao pia kila kitu kimehama. Lakini linakimbia."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizo? Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukanionyesha kitufe cha kusimamisha." Hakusema kwa lawama, alikuwa anaeleza tu. "Nikisimamisha, nashughulika na kusimamisha. Nikirudi nimesahau nilikuwa natafuta nini. Kwenye zile nyingine unasimama mwenyewe. Unanisubiri bila kujua."

Sikuwa na la kujibu, na Mama alisema hilo peke yake ni la kuandikwa ukutani.

Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango wa stoo, nikaivisha maiki soksi yake, nikafungua programu mpya. Wakati huo Tuli alikuwa anafungua tundu la mafurushi, amevaa aproni yake, na mimi sikuwa pale. Mguu ulikuwa unacheza. Nikabonyeza kurekodi.

"Kitufe cha kupokea kimehama," nikasema. "Hata mimi kilinipotea. Sasa kina picha ya kikapu. Kitafute."

Nikanyamaza. Koridoni viatu vya Mwalimu vilipita, vikalia mpaka mwisho, vikapotelea darasani. Mdomo wangu ulishajaa maneno: juu, kushoto, hapo, hapohapo. Nikaweka mikono chini ya mapaja, nikamsubiri mtu nisiyemwona mpaka akipate.